Lango la Waliokataa Farasi

Jumatatu, Machi 3

Mvua ilianza jana, na leo paa la ofisi limesalimu amri. Maji yaliingia kwanza chumba cha kurekodia, yakaloanisha magodoro yote tuliyopachika ukutani kuzuia mwangwi, kisha yakatufuata sisi wajaribu. Mkuu wetu alipanda juu ya kiti, suruali kaikunja mpaka magotini, akatangaza kwamba kila mtu abebe kompyuta yake akafanyie kazi nyumbani mpaka fundi wa paa apatikane. Fundi wa paa naye, nasikia, kwake kunavuja.

Kwa hiyo niko nyumbani kwa Shangazi, chumbani ninamolala, na meza yangu ya kazi ni ubao wa kupigia pasi.

Kazi yenyewe nikiieleza watu hucheka. Nalipwa kucheza mchezo wa kompyuta ambao bado haujatoka, nitafute pale unapoharibika. Ni hadithi ya msafiri anayepita katika nchi yenye vita, na kila hatua anachagua: amsaidie nani, amwache nani. Akishachagua, basi. Mchezo unajihifadhi wenyewe papo hapo, kwenye nafasi moja tu, na hakuna kurudi. Ukimwacha mganga afe sura ya pili, usitegemee kutibiwa sura ya saba. Mkuu anajivunia jambo hilo kama mtu aliyelivumbua. Ila sisi wajaribu tumepewa kitufe kinachoturudisha kabla ya chaguo lolote, maana bila hicho tungezeekea sura ya kwanza. Asubuhi namuua mganga, mchana namfufua, jioni namuua tena nione kama watu wake wanalia sawasawa.

Nimeanza kuandika shajara hii kwa sababu hiyo hiyo. Nataka mahali pamoja ambapo jana haifutiki.

Jumatano, Machi 5

Kutwa nzima nimekuwa kwenye sehemu ya Shangazi.

Niieleze vizuri. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa mtangazaji wa kituo cha treni mpaka alipostaafu. Mji huu wote umewahi kukimbia kwa sauti yake, viatu mkononi. Mwaka jana tulitafuta mama mtu mzima wa kuwa mlinzi wa lango la mji katika mchezo, anayesoma kwa sauti majina ya wanaoingia. Nikampeleka Shangazi. Alikaa katikati ya magodoro yale, akavaa miwani, akasoma maneno yote kwa pumzi ileile ya kituoni, na alipofika mwisho akaongeza yake bila kuulizwa. Alimtazama msafiri ambaye hakuwepo, akasema, "Umechelewa, lakini ingia." Wote tulilipenda neno hilo. Hata Mkuu, ambaye hana dogo, alisema liachwe hivyo hivyo.

Shida ni kwamba watu wachache sana watalisikia. Sura ya kwanza kamanda anampa msafiri farasi. Ukimchukua, unaingia mjini kwa lango la jeshi, na Shangazi humwoni tena mpaka mchezo uishe. Ili umkute lazima umkatae farasi, utembee kwa miguu matopeni, bila mtu kukwambia kuna nini mbele. Nani anamkataa farasi?

Ukuta wa chumba changu na chake ni mwembamba. Leo amesikia majina yale yale tangu asubuhi, na hatimaye akaugonga kwa ngumi.

"Punguza huyo mwanamke," akasema. "Hachoki?"

"Ni wewe, Shangazi."

"Ndiyo maana najua anachosha."

Sauti yake ina mikwaruzo tangu mwezi uliopita. Anasema ni baridi.

Jumamosi, Machi 8

Mvua. Nguo zimeanikwa sebuleni na hazikauki.

Jumanne, Machi 11

Nimeipata hitilafu kubwa, na imenipata mimi.

Nilimkataa farasi, nikatembea, nikafika langoni, nikasimama kumsikiliza Shangazi mpaka mwisho. Lango likafunguka. Nikaingia hatua moja, halafu basi. Msafiri amenaswa katikati ya lango, haendi mbele wala harudi nyuma. Anachezesha miguu kama mtoto anayehitaji choo. Na kwa kuwa mchezo unajihifadhi wenyewe, ukiuzima na kuuwasha tena unamkuta palepale. Mimi nina kitufe changu cha kurudi. Mtu aliyeununua hatakuwa nacho. Atakuwa amefungwa milele, tena kwa kosa la kumkataa farasi.

Hitilafu tunazipanga kwa ngazi. Ya tatu ni aibu ndogo, ya pili ni kero, ya kwanza maana yake mchezo usitoke mpaka itengenezwe. Hii ningeweza kuiandika ya pili, kwa kuwa wachache wataifikia. Nimeiandika ya kwanza. Nataka ishughulikiwe upesi, kwa sababu ni lango la Shangazi, na sioni haya kusema hivyo humu.

Alhamisi, Machi 13

Leo nimempeleka kwa daktari wa koo. Alikubali kwa shingo upande, na kwa sharti kwamba nisiongee kwa niaba yake. Tulifika tumelowa mpaka soksi.

Daktari ni kijana mpole, anaongea huku anachora. Alichora koo, akachora kiuvimbe kwenye nyuzi za sauti, akakipaka kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Mama, tukiingia sasa, nakata kipande hiki," akasema. "Sauti itabaki. Itakuwa ya mikwaruzo, lakini utaongea. Tukingoja, uvimbe unaweza kukishika kisanduku chote cha sauti. Hapo sitakuwa na kipande cha kukata. Nitatoa chote."

"Na nikikataa vyote?"

"Utakuua."

Shangazi akamshukuru, akaomba ile karatasi, akaikunja akaitia kwenye mkoba. Tukasimama chini ya kibanda cha kuuzia magazeti, tunangoja mvua ipungue.

"Wewe ndiye mtaalamu wa kuchagua," akaniambia. "Kutwa unawachagulia watu waishi au wafe. Nichagulie na mimi."

Nilijua jibu. Mtoto wa shule angelijua. Lakini niliona kisu kinaingia kwenye koo lile, na kama kingeteleza ni mimi niliyesema. Nikasikia mdomo wangu unasema tumwone daktari mwingine kwanza, kuna yule bingwa ng'ambo ya daraja, tusikilize na yeye anasemaje. Tusubiri kidogo.

"Haya," akasema Shangazi. Alilisema haraka sana.

Jumatano, Machi 19

Fundi wa milango amepiga simu. Ndiyo kazi yake ofisini: kila kinachofunguka na kufungwa mchezoni amekitengeneza yeye. Ni mtu wa utani, anaongea huku anatafuna karanga, na humjui anacheka au anatafuna.

"Dada, lango lako ni zima," akasema. "Nimelipita leo tangu asubuhi, sijanaswa hata mara moja."

"Labda unalipita vibaya."

"Kuna kulipita lango vibaya?"

Nikarudia mwenyewe. Nikanaswa. Nikarudia. Nikanaswa.

Jumatatu, Machi 24

Daraja limefunikwa na maji. Kwa bingwa hakuendeki.

Jumanne, Machi 25

Bado.

Alhamisi, Machi 27

Bado. Mlango wa bafu umevimba kwa unyevu na unahitaji bega kuufungua. Shangazi alijikuta amefungiwa ndani leo, na nilimsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuijua. Nilidhani ni jirani.

Ijumaa, Machi 28

Mkutano kwa simu. Nilikuwa nimejiandaa kulitetea lango langu, sikujua kwamba limeshahukumiwa.

Mkuu alisema tuna hitilafu moja tu ya ngazi ya kwanza iliyobaki, na fundi hawezi kuitengeneza kwa sababu haioni. Mchezo hauwezi kutoka nayo, na hauwezi kuchelewa. "Kwa hiyo tunaondoa chaguo lenyewe," akasema. "Kamanda akimpa farasi, msafiri anampanda. Mwisho."

"Na lango?"

"Lango hatutalifikia, kwa hiyo halitatunasa."

Nikamwambia ile ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Akasema hata yeye anaipenda, lakini waliojaribu mchezo mwezi uliopita karibu wote walipanda farasi. Nikasema basi naishusha iwe ngazi ya pili. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi, kwamba hitilafu haishuki ngazi kwa sababu mjaribu amejuta.

Ningeiandika ya pili ingetengenezwa taratibu, au isingetengenezwa na watu wachache wangenaswa, lakini Shangazi angekuwepo. Nimemfuta mwenyewe kwa bidii ya kazi. Nilikwenda jikoni nikashika tama mbele ya birika mpaka likakauka maji.

Sijamwambia. Ananong'ona sasa, na anasema ameamua kuipumzisha sauti.

Jumatano, Aprili 2

Mvua. Msafiri langoni, mimi dirishani.

Alhamisi, Aprili 10

Maji yameshuka na tumevuka. Bingwa alikuwa na chumba chenye zulia na alitusikiliza huku akitazama saa yake ya mkononi. Aliingiza kamera puani mwa Shangazi, akatazama, akauliza daktari wa kwanza alisema nini. Tukamwambia.

"Alisema sawa," akasema. "Mngemsikiliza siku ileile."

Nimeandika sentensi hiyo ili nisiwe na njia ya kuikumbuka vingine.

Jumanne, Aprili 15

Tumerudi kwa kijana mpole. Safari hii hakuchora. Uvimbe umevuka. Lile chaguo la kwanza halipo tena. Kilichobaki ni kutoa kisanduku chote na kumtoboa tundu shingoni la kupumulia. Atakula, atatembea, ataishi. Hataongea.

Katika mchezo wetu ukisimama, dunia yote inasimama nawe. Adui anakungoja na upanga juu, mgonjwa anakungoja na homa ileile, mpaka wewe ukate shauri. Nimefanya kazi humo muda mrefu kiasi kwamba niliamini uvimbe nao utanisubiri. Huo ndio upumbavu wangu na nauandika jinsi ulivyo.

Njiani nilimwomba msamaha. Alisimama katikati ya watu na miavuli yao, akanivuta karibu ili nimsikie.

"Nisikilize," akanong'ona. "Wewe hukunichelewesha. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia subiri, na katika ukoo mzima nilimjua mmoja tu anayelisema hilo neno bila kukosa. Ndiyo maana nikakuuliza wewe. Ningemuuliza baba yako angeninyanyua mzegamzega mpaka kwenye kisu."

"Sasa utafanyaje?"

"Sasa nitakufa naongea," akasema, akafungua mwavuli wake.

Nilikuwa nikimwona Shangazi kama mtu asiyeogopa kitu. Leo nimeona ameogopa tangu Machi, na alikuwa akinitania ili nisimwone.

Alhamisi, Aprili 17

Hataki kuzungumzia. Nikianza, anagonga meza.

Jumamosi, Aprili 19

Amegonga meza. Baba amepiga simu, naye amegongewa meza kupitia simu.

Jumanne, Aprili 22

Nilimpigia Fundi wa milango nikamwambia aje aone kwa macho yake, hata kama amri imeshatoka. Alikuja na mfuko wa plastiki kichwani. Nikamweka mbele ya ubao wa pasi. Shangazi akavuta kiti akakaa nyuma yetu na chai yake, kwa sababu nyumba hii haina pengine pa kukaa pasipovuja.

Fundi akamkataa farasi, akatembea, akafika langoni. Sauti ya Shangazi, ile ya mwaka jana, ikajaa chumbani. Jina la kwanza tu, Fundi akabonyeza kitufe cha kuruka maneno. Lango likafunguka, akapita bila shida, akanigeukia.

"Umeona?"

Shangazi akamwinamia sikioni. "Umenikatiza."

"Samahani, mama. Nimeyasikia sana."

"Hujayasikia. Umeyaruka. Rudi, na hicho kidole kikalie."

Akarudi. Akakikalia kidole kweli, chini ya paja. Majina yakasomwa yote, na yule mwanamke wa kwenye spika akamaliza kwa kusema, "Umechelewa, lakini ingia." Fundi akapiga hatua, akanaswa.

Alitazama skrini muda mrefu bila kutafuna. Kisha akarudia, safari hii akitazama lango lenyewe, siyo msafiri. Lango lilifunguka jina la mwisho lilipotajwa, na lilianza kujifunga Shangazi akiwa bado anaongea.

"Mlango wangu unakwenda kwa maandishi," akasema. "Nilipewa maneno ya mlinzi yakiwa kwenye karatasi, nikapima yatachukua muda gani, nikauambia mlango ufunguke na kufungwa kwa muda huo. Hii sentensi ya mwisho haikuwepo kwenye karatasi."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kwa hiyo anayeruka maneno anapita," nikasema.

"Na anayesikiliza mpaka mwisho anafungwa. Ndiyo."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Kumbe ni mimi niliyemfunga huyo mtoto wa watu," akanong'ona. "Basi ikate hiyo sentensi yangu, mlango upone. Kazi ya dakika moja."

"Ni kweli, ni kazi ya dakika moja," akasema Fundi.

Nikawaambia wote wawili kwamba anayeikata atanikuta. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia na ilibidi nikaweke birika jikoni. Niliporudi, Fundi alikuwa anamwonyesha Shangazi namna mlango unavyoweza kufundishwa kuingoja sauti badala ya kuingoja saa, na Shangazi alikuwa anamuuliza maswali.

Ijumaa, Aprili 25

Mkuu amekubali, kwa sharti. Chaguo la farasi linarudi, lango linabaki, sentensi inabaki. Lakini toleo la mwisho lijaribiwe ofisini, kutoka mwanzo mpaka langoni na kuendelea, bila kitufe cha kurudi, kwa sababu kitufe chenyewe huenda ndicho kinachotudanganya. Likinasa, farasi anapandwa.

Nilimshukuru, nikaona aibu kwa majina niliyompa mwezi uliopita. Alisema mama yake naye alikuwa akiamshwa na sauti ya Shangazi kwenda kazini, na hajui kwa nini ananiambia.

Jumapili, Aprili 27

Shangazi amekaa kitandani kwangu asubuhi nikiwa bado ndani ya shuka.

"Ulipomkataa farasi mara ya kwanza kabisa," akauliza, "ulijua kuna mimi mbele?"

"Nilijua. Niliambiwa, ni kazi yangu."

"Na asiyeambiwa?"

"Anaona matope tu."

Akatikisa kichwa polepole. Alikaa akitazama nguo zilizoanikwa, na nikajifunza kitu kigumu sana kwangu, yaani kunyamaza.

"Sauti hii nimeipanda tangu nikiwa msichana," akasema mwishowe. "Imenipeleka kila mahali. Haya. Nitatembea."

Nililia hapo hapo, mdomo wazi. Yeye akasema nguo zile zinaanza kunuka na mtu mwenye akili angezifua upya.

Jumatano, Aprili 30

Amepewa siku ya upasuaji: Jumanne ijayo, saa nane mchana. Na Jumanne ijayo asubuhi ndiyo siku yangu ya toleo la mwisho. Nilitaka kumwachia mjaribu mwingine. Shangazi amekataa. Anasema yeyote mwingine atabonyeza amruke.

Jumatatu, Mei 5

Nimemlaza wodini leo. Nilitaka aseme kitu. Tangu Jumapili ile nimekuwa nikimzungukazunguka kama paka wa jikoni, nikingoja neno la kubaki nalo. Kutwa nzima amesema hivi: mapazia ya wodi ni machafu, nisisahau kufunga gesi, kitanda cha dirishani kina baridi, yule nesi mrefu anafanana na mkata tiketi wake wa zamani. Nilimwomba nimrekodi kwenye simu. Alinitazama vibaya sana.

"Mimi si mlio wa simu," akanong'ona.

"Basi niambie kitu, Shangazi. Chochote."

"Kesho," akasema. "Njoo kesho kabla ya saa nane, nitakuwa nimefikiria."

Jumapili, Mei 11

Nimeshindwa kuandika mpaka leo.

Jumanne nilikuwa ofisini mapema. Paa limezibwa kwa turubai. Chumba cha majaribio simu haziingii, ni sheria ili picha za mchezo zisivuje, kwa hiyo yangu niliiacha kwenye droo nje pamoja na za wenzangu. Nikavaa spika za masikioni. Nilijua nina muda wa kutosha.

Nilicheza kama mtu aliyenunua. Mganga alipokufa kwa kosa langu, alikufa. Nilimkataa farasi na kamanda akanicheka. Nilitembea matopeni nikiwa na hofu ya kweli, mimi niliyepita pale mara zisizo na idadi. Nilifika langoni. Sikugusa kitu. Alisoma majina yote, sauti yake nzima, safi, imejaa. Akasema, "Umechelewa, lakini ingia." Lango likangoja. Likamngoja mpaka pumzi yake ya mwisho ikakatika, ndipo nikapiga hatua, nikapita, nikajikuta ndani ya mji, kwenye mtaa wa wauza vyungu nilioujua kwa michoro tu. Fundi alikuwa nyuma yangu. Aliniwekea mkono begani, akauondoa haraka, akanipa karanga.

Nilipofungua droo nikakuta simu zake nilizozikosa. Shangazi ambaye hawezi kuongea kwa simu alikuwa amenipigia, na kunipigia tena.

Nilikimbia kwenye mvua kama watu wa kituoni. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa upya. Yule nesi mrefu alinikuta nimesimama nakitazama.

"Wewe ndiye mtoto wa kaka yake?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mgonjwa wa kwanza hakufika, dada. Barabara yao imekatika kwa maji. Daktari akasema tusipoteze nafasi, tukamwingiza mama mapema. Alikupigia mwenyewe kwanza. Na sisi tulikupigia."

Nikauliza kama alisema kitu. Sijui nilikuwa natumaini nini. Nesi akarekebisha kofia yake. Ilionekana anaona haya kidogo, kwa sababu aliambiwa aseme maneno ambayo yeye hakuelewa maana yake.

"Mlangoni pa chumba cha upasuaji alinishika mkono, akaniinamisha. Akasema ukija nikwambie umechelewa. Halafu akasema, lakini uingie."

Akanisukumia mlango wa chumba cha kungojea. Nikaingia, nikakaa, na sikuwa na kitufe chochote mkononi.

Ijumaa, Mei 23

Amerudi nyumbani leo. Amekonda, shingoni ana kitambaa, na kwa macho yake peke yake amefanikiwa kuniambia kwamba jiko ni chafu. Daktari anasema wameutoa wote.

Mvua zimekatika tangu juzi. Mlango wa bafu unafunguka bila bega.

Jumatatu, Mei 26

Mchezo umetoka. Nimejinunulia wangu, kama mtu yeyote, bila kitufe. Niliuanza baada ya chakula cha mchana, mlango wazi, nguo zikiwa nje juani. Nilimkataa farasi.

Sikukusudia Shangazi asikie. Nilidhani amelala. Nilisahau kwamba bila mvua nyumba hii inapitisha kila kitu, na yule mwanamke alikuwa kwenye jina la tatu au la nne aliposikika mpaka uani. Ngumi ikagonga ukuta.

Nikapunguza sauti upesi, nikajiona mpumbavu na katili.

Ukuta ukagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Nikapunguza mpaka ikawa karibu kuzima. Ukagongwa tena na tena, mpaka kitana kikaanguka kutoka kwenye rafu. Nikaenda chumbani kwake kumwomba radhi.

Alikuwa ameketi, mgongo ameegemeza ukutani, sikio ameliweka upande wa chumba changu. Aliponiona alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama abiria wasiosikia. Kisha akanyanyua mkono, kiganja kikitazama dari, akaupandisha juu, na juu zaidi.